Dole Gumba Chini ya Fomu

Hotuba kwa wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu wanaojiandaa kwenda uwandani

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wajumbe wa kamati ya maadili ya utafiti, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda uwandani, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa kuzungumzia maadili ya utafiti unaohusisha watu, pamoja na uaminifu wa kitaaluma. Ratiba mliyo nayo mikononi imeyatenga mambo haya, moja kabla ya chai na jingine baada ya chai. Kwa ruhusa ya mwenyekiti nitayasema kwa pamoja, kwa sababu katika miaka yote niliyokaa kwenye kamati ya maadili sijapata kuyaona yakiachana. Mtafiti anayemdharau mhojiwa wake hachukui muda kabla hajaanza kupika data, na anayepika data ameshamdharau mhojiwa hata kama hajawahi kukanyaga kijijini kwake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nilipata kibarua cha udadisi katika utafiti wa kaya kwenye vijiji vya bonde la mto Rufiji. Tulilipwa kwa idadi ya madodoso, kwa hiyo tulikuwa tukikimbia. Jioni moja niliingia katika ua wa bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele. Nikamwamkia, akanisogezea kigoda, nikamsomea fomu ya ridhaa yenye kurasa mbili bila kupumua, nikamfungulia pedi ya wino, naye akabandika dole gumba lake vizuri kabisa ndani ya kisanduku. Wakati akijifuta wino kwa pindo la kanga akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye hataki kuonekana ana haraka: “Haya mjukuu wangu, na hicho chakula kitakuja lini?”

Mafuriko yalikuwa yamesomba mpunga msimu ule, na watu wa mwisho waliofika pale na makaratasi na wino walikuwa wameandikisha majina ya chakula cha msaada. Nilipaswa kufunga kalamu na kuanza upya. Badala yake nilimjibu, “Tumalize kwanza maswali, bibi.” Tukamaliza. Fomu ile ilikaguliwa ofisini ikaonekana haina dosari, na ninaamini mpaka leo imelala katika kabati fulani ikiwa kamili kuliko fomu nyingi.

Mbele ya mkaguzi nilikuwa na kila kitu: kibali, barua ya mkoa, barua ya wilaya, muhuri wa mtendaji wa kata, na dole gumba. Sikuwa na ridhaa. Bibi yule aliridhia jambo jingine kabisa, jambo ambalo mimi sikuwa nalo la kumpa. Na mtazame yaliyofuata kwenye majibu yake. Mtu anayeamini kwamba anaandikishwa chakula hatakutajia magunia yote aliyovuna. Atakutajia machache, na nani atamlaumu? Takwimu za mavuno nilizozipeleka ofisini kutoka katika ua ule zilikuwa na walakini, na walakini huo haukutoka kwa bibi, ulitoka kwangu mimi niliyemwacha aendelee kuamini kisichokuwapo. Hapo ndipo mada ya kabla ya chai na ile ya baada ya chai zinapokutana, kwenye kigoda kimoja.

Wengi wenu mtasema kwamba ninyi mtasoma fomu taratibu. Nawaomba msiishie kwenye mwendo, kwa kuwa maneno yenyewe yana mitego. Fomu nyingi zinazopita mbele ya kamati yetu zimeandikwa kwa Kiingereza kwanza, kisha zikafasiriwa usiku wa mwisho kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Karibu kila moja ina sentensi hii: “Una haki ya kujitoa katika utafiti huu wakati wowote.” Kwenye karatasi haina kosa. Sasa isome kwa sauti kwa mzee ambaye dakika moja iliyopita umemwambia kwamba kushiriki kwake ni kwa kujitolea. Kujitolea, kujitoa: silabi moja tu inatenganisha kuingia na kutoka, na mzee mwenye masikio mazito ataondoka akiamini kwamba amepewa haki ya kujitolea wakati wowote, yaani kila mtakapomhitaji. Mwambie hivi: ukichoka au ukighairi, sema basi, nami nitafunga daftari, sitakuuliza sababu, na matibabu yako pale zahanati hayataguswa. Ni maneno mengi zaidi, na kila mtu anayaelewa.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Katika majaribio ya dawa na chanjo, washiriki hugawanywa kwa kura ili mtafiti asipate nafasi ya kumpendelea yeyote. Fomu zetu husema kwamba mshiriki “atachaguliwa kwa bahati nasibu.” Kwa Mtanzania bahati nasibu ni tiketi, ni pikipiki, ni picha ya mshindi gazetini. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe amechaguliwa kwa bahati nasibu atarudi nyumbani akishukuru kwamba ameshinda, ilhali huenda mtoto ameangukia kundi linalopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Niliwahi kumwona muuguzi mmoja akitoa sarafu ya shilingi mia mfukoni, akairusha mbele ya mama, akaifunika kwa kiganja, akamwambia: hata mimi sijui ni upande gani, na daktari hajui, na hakuna upande ulio wa zawadi. Mama akacheka, kisha akauliza maswali matatu ya maana ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza katika kituo kile. Aliyefasiri fomu ile alikuwa na shahada mbili. Muuguzi alikuwa na shilingi mia.

Kisha kuna suala la nani amesimama nyuma yako unapoomba ridhaa. Ni desturi yetu, na ni desturi njema, kwamba mgeni haingii kijijini bila kupita kwa mwenyekiti. Tatizo huanza pale mwenyekiti anapoamua kuwasindikiza nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba anayemtegemea mwenyekiti kwa barua ya utambulisho na kwa suluhu ya mpaka wa shamba hawezi kukataa mbele yake. Atasema “karibuni,” na neno hilo mtaliandika kuwa ni ridhaa. Mshukuruni mwenyekiti, mwacheni ofisini kwake, na mkiona kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyekataa kati ya kaya 300, msifurahi. Mimi ninaposoma ripoti ambayo kila mtu amekubali huanza kuitilia shaka, kwa sababu watu walio huru kukataa, baadhi yao hukataa.

Fomu hizi hazikubuniwa na makarani waliokosa kazi. Kuanzia mwaka 1932, katika kaunti ya Macon, jimbo la Alabama nchini Marekani, Idara ya Afya ya Umma ya nchi hiyo iliwafuatilia wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Wagonjwa hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa kwamba wana “damu mbaya,” jina la mitaani lililobeba maradhi chungu nzima. Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa, kwa maana lengo lilikuwa kuona maradhi yanamfikisha wapi mtu asiyetibiwa. Mambo hayo yaliendelea kwa miaka 40, ripoti zikichapishwa katika majarida ya kitabibu bila kificho, mpaka mwaka 1972 ambapo Peter Buxtun, aliyewahi kuwa mtumishi wa idara hiyohiyo na aliyekuwa amelalamika ndani kwa miaka kadhaa bila kusikilizwa, alipozifikisha habari kwa waandishi. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997.

Katika kisa hicho kuna kipengele kimoja ambacho hunirudia mara kwa mara, nacho ni mazishi. Wanaume wale walipewa usafiri, chakula cha moto siku za kupimwa, na ahadi ya kugharimiwa mazishi iwapo familia itakubali maiti ipasuliwe. Sisi tunaochangishana sanda na jeneza katika kila msiba tunaelewa uzito wa ahadi hiyo kwa mtu asiye na kitu. Watafiti waliielewa heshima ambayo watu wale walikuwa nayo kwa wafu wao, wakaigeuza chambo. Ndiyo maana kamati inapouliza ni kiasi gani cha posho mnachokusudia kumpa mshiriki, haiulizi kwa ubahili. Nauli na soda ni fidia ya muda wake. Kiasi kinachomfanya mtu afumbie macho jambo ambalo angelikataa kama mfuko wake usingekuwa mtupu kina jina jingine.

Kuna wanaodhani kwamba hayo ni ya Alabama na ya zamani. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo katika jiji la Kano, kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto wapatao 100, na wengine wapatao 100 wakapewa dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Walifariki watoto 11, idadi ikikaribiana katika makundi yote mawili, na kampuni ilikana wakati wote kutenda kosa. Nawaomba muwe waangalifu na kisa hiki, kwa maana hupenda kusimuliwa kana kwamba hoja yake ni hesabu ya vifo. Hoja ni mambo mawili: wazazi walilalamika kwamba hawakuambiwa kuwa ni majaribio, na barua ya kibali cha kamati ya maadili ya hospitali ikaja kubainika kwamba iliandikwa baadaye na kuwekewa tarehe ya nyuma, kwa kuwa hospitali haikuwa na kamati kama hiyo wakati wa majaribio. Mwaka 2009 kampuni ilikubaliana kulipa dola milioni 75 katika suluhu na jimbo la Kano. Oneni tena jinsi yale mambo mawili yanavyotembea bega kwa bega: mzazi asiyejua, na karatasi ya uongo.

Na karibu zaidi na kwetu: mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla, aliweka kambi katika Visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, ambako malale ilikuwa ikimaliza watu. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki ndani yake, akaongeza dozi alipoona wadudu wanarudi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka wasione tena. Hakuna fomu ya ridhaa kutoka Ssese, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba watu wale wana la kuridhia.

Kwa hiyo mtakapokutana na neno mumiani, msicheke. Babu zetu wa pwani na wa bara walisimuliana juu ya watu wanaofyonza damu za wenzao usiku na kuzipeleka kusikojulikana, na hata sasa mtafiti anayefika kijijini na vichupa na sindano anaweza kusikia neno hilo likinong'onwa nyuma ya ua. Nimewaona vijana wasomi wakiliandika katika ripoti zao chini ya kichwa “imani potofu.” Liandikeni kama swali, kwa kuwa ndivyo lilivyo: damu yangu inakwenda wapi, nani ataitumia, na mimi nitaambiwa nini? Siku hizi sampuli huhifadhiwa kwenye majokofu kwa miaka, husafirishwa ng'ambo kwa mkataba, na vinasaba vyake vinaweza kusomwa kwa maswali ambayo hayakuwapo siku ilipochukuliwa. Anayemtaja mumiani ameuliza swali lilelile ambalo kamati huliuliza, ila kwa adabu ndogo zaidi.

Kanuni zilizozaliwa na visa hivi mmezisoma darasani, nami nitazipita. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 huanza na ridhaa ya hiari. Azimio la Helsinki la madaktari lilipitishwa mwaka 1964 na limerekebishwa mara kadhaa. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ilitokana moja kwa moja na kashfa ya Alabama. Hapa Tanzania Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986. Zanzibar ina taratibu zake, na anayekwenda kuvuka mpaka kuingia Kenya atakutana na NACOSTI, tume ya sayansi ya huko inayotoa vibali vya utafiti. Foleni za vibali ni ndefu, zinachosha, na mara nyingine mlalamikaji ana haki. Lakini kibali ni ruhusa ya kwenda kuomba. Hakuna ofisi mjini inayoweza kuridhia kwa niaba ya bibi anayepepeta mchele.

Nageukia sasa upande wa pili wa jambo hilihili. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Tilburg nchini Uholanzi kilimsimamisha Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii aliyekuwa na sifa kubwa, baada ya watafiti vijana waliokuwa chini yake kutilia shaka data zake. Alikuwa akiandaa madodoso kwa uangalifu mkubwa, akisema anayapeleka shuleni, kisha anajifungia na kujaza majibu mwenyewe. Makala zake zaidi ya 50 zimeondolewa katika majarida. Wanafunzi wa uzamivu walikuwa wamejenga tasnifu juu ya data hizo bila kujua. Kilichonishangaza si ujasiri wake, ni kwamba takwimu zake zilikuwa nzuri mno, na uzuri huo ndio uliopaswa kuwashtua waliomzunguka mapema.

Sisi tuna namna yetu, ya kivulini. Mdadisi anafika kijijini saa nne, anahoji kaya tatu kwa uaminifu, jua linapanda, soda inaisha, na mwembe upo. Anaketi chini ya mwembe na kujaza madodoso kumi na mawili yaliyobaki. Wanaofanya hivyo hudhani hawaonekani. Wanaonekana kwa njia nyingi. Katika vijiji vyetu watu wazima, hasa wasio na cheti cha kuzaliwa, hutaja umri kwa kukadiria, na ndiyo maana data halisi huwa na rundo la watu wenye miaka 40, 45, 50 na 60. Data ya mwembeni ina watu wa miaka 43, 38 na 57 waliotawanyika kwa haki kabisa, kwa kuwa anayebuni hujitahidi kuonekana hakubuni. Kishikwambi nacho kinaandika saa na mahali: mahojiano kumi na mawili, dakika sita kila moja, yote katika hatua ileile ya ardhi. Majibu halisi yana mapengo, yana “sijui,” yana mama aliyekatiza swali la kumi na saba kwenda kuangalia ugali. Chini ya mwembe hakuna ugali unaoungua.

Wengine huniambia kwamba dodoso la kubuni halimdhuru mtu, kwa sababu hakuna aliyehojiwa. Kuna mtu alipaswa kuhojiwa. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya sampuli, na katika hesabu zetu kaya yake ilisimama badala ya mamia ya kaya nyingine zilizo katika hali kama yake. Siku hiyo alikuwa nyumbani, pengine akiwa na la kusema juu ya kisima kilichokauka au juu ya mtoto aliyeacha shule, na mtu mwingine akasema kwa niaba yake bila hata kumwuliza hali. Tena dodoso lake la bandia lina alama ya ndiyo kwenye kisanduku cha ridhaa.

Kama bado mnaona kwamba ni mambo mawili, mkumbukeni Andrew Wakefield. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet makala juu ya watoto 12, iliyowafanya wazazi wengi wahofie chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela kwa kuihusisha na usonji. Uchunguzi wa Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza ulipokamilika mwaka 2010, jarida liliifuta makala ile, naye akaondolewa kwenye daftari la madaktari. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba watoto walifanyiwa vipimo vizito, kikiwamo cha kutoboa uti wa mgongo, bila idhini iliyostahili, na kwamba alichukua damu za watoto katika sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe na kumpa kila mtoto pauni 5. Baadaye alikuja kulisimulia tukio hilo la sherehe mbele ya hadhira kama kichekesho. Kwa mtu huyu hapakuwa na mstari baina ya kuwatumia watoto vibaya na kuutumia ukweli vibaya.

Sitaki mdhani kwamba uaminifu ni kutokosea kamwe. Mwaka 1994 watafiti waliofanya kazi katika kijiji cha Idete, karibu na Ifakara, walitangaza kwamba chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia, iliwapunguzia watoto kuugua malaria kwa asilimia 31. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga ya maana, na chanjo ile ikaachwa. Hakuna aliyefedheheka, kwa sababu namba za Idete zilikuwa zimekusanywa na kuandikwa kwa namna ambayo wengine waliweza kuzipima. Miaka mingi baadaye watoto wa Bagamoyo na Korogwe walishiriki katika majaribio ya chanjo nyingine, RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Kati ya Idete na Bagamoyo kuna matokeo mengi yaliyokatisha tamaa, na kila moja lingeweza kupakwa rangi.

Juu ya wizi wa maandishi nitasema kwa ufupi, kwa sababu mnaujua kuliko mimi. Wanafunzi wa hapa wana kitenzi chao, kudesa. Majirani zetu wa Kenya huita karatasi ya kuibia mtihani mwakenya, jina lililochukuliwa kwa vuguvugu la siri la miaka ya 1980, nami nikiri kwamba kila nilisikiapo hunichekesha. Lakini hakuna kichekesho katika tasnifu inayonunuliwa kwenye steshenari mkabala na lango la chuo, ikiwa kwenye flashi, kisha ikabadilishwa jina la wilaya. Nimewahi kusoma tasnifu ya wilaya isiyo na bahari ambayo ukurasa wake wa 64 ulizungumzia kipato cha wavuvi wa pweza. Programu za akili mnemba sasa zimerahisisha kazi hiyo, na zina tabia ya kutaja vitabu ambavyo havijaandikwa na mtu yeyote. Mwenye kuvinukuu anajianika mwenyewe. Hatari ambayo haisemwi sana ni nyingine. Mwanafunzi anayechukua mahojiano ya mwanamke aliyepigwa na mumewe na kuyapakia yote katika programu hizo ili zimfupishie, amekabidhi amana ya mtu kwa mtu wa tatu ambaye mwenye amana hakutajiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa ajili ya mambo kama hayo, na kabla ya sheria hiyo palikuwa na neno khiyana.

Usiri nao si kufuta majina tu. Mkiandika “mganga mfawidhi wa kike wa zahanati ya kijiji” na kisha mkakitaja kijiji, mmeficha jina na kumwacha mwenyewe wazi, kwa maana zahanati ina mganga mfawidhi mmoja, na bosi wake wa wilaya anajua kusoma. Mtu huyo aliwaambia kwamba dawa huishia mlango wa nyuma. Fikirini Jumatatu yake.

Kwa walimu wenzangu nina neno moja, nalo sitalificha kwa kuwa vijana wapo. Msimamizi anayeweka jina lake liwe la kwanza kwenye makala ambayo hakuisoma mpaka mwisho anawafundisha wanafunzi kudesa vizuri kuliko steshenari yoyote.

Na mwisho wa kazi kuna deni la mrejesho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi watafiti tumeugeuza msemo huo, mgeni huja na akapona yeye, akapata shahada na cheo, mwenyeji akabaki na kumbukumbu ya maswali. Tengeni fedha za kurudi tangu siku ya kwanza ya bajeti. Rudini na karatasi moja ya Kiswahili chepesi, simameni kwenye mkutano wa kijiji, semeni mlichokiona hata kama hakiwapendezi wenyeji wala ninyi, na mkubali kusahihishwa. Mimi nilirudi Rufiji miaka minne baadaye kwa shughuli nyingine. Nyumba ya bibi ilikuwa imefungwa, na jirani akaniambia kwamba amehamia kwa mwanawe Mbagala. Sikumpata.

Sasa niwaeleze utaratibu wa mchana. Saa nane kamili tutarudi ukumbini humu, kila mmoja akiwa na fomu yake ya ridhaa kwa Kiswahili. Akina mama watatu wanaopika kwenye kantini yetu wamekubali kuketi hapa mbele na kusomewa fomu hizo, na muda wao utalipwa. Mtawasomea, kisha watawaambia kwa maneno yao ni kitu gani wameombwa kufanya, na mtaandika kila walichosema bila kukisahihisha. Nimewaeleza kwamba wanaweza kuondoka wakati wowote bila kutoa sababu, na mmoja wao ameshaniambia kwamba saa tisa na nusu atakwenda kuinjika wali wa jioni, fomu ziwe zimeisha au hazijaisha.